Ndama wa Nani

Engaresero sikuipenda, na naliweka hilo wazi mapema ili mtu asije akanidhania vingine. Mimi ni mtu wa Karatu, kwenye udongo mwekundu unaootesha hata fimbo ukiisahau shambani. Sikuona sababu ya mtu mwenye akili timamu kuacha mbaazi zake na kwenda kukaa kando ya ziwa ambalo maji yake hayanyweki, hayaogeki, wala hayana samaki wa kukaanga. Ziwa Natron ni magadi matupu. Kuna heroe, wale ndege wa rangi ya waridi, ambao wazungu hupanda ndege kutoka kwao kuja kuwatazama wakisimama kwa mguu mmoja. Mume wangu, Tluway, aliwapeleka wazungu hao miaka mingi akiwa dereva wa utalii, na kila aliporudi alikuwa na vumbi masikioni na sifa za mahali pale mdomoni. Nilikuwa namfulia nguo na kumwacha aongee.

Alipostaafu, kifua chake nacho kikastaafu. Karatu ukifika mwezi wa Juni ukungu hushuka kutoka msitu wa Ngorongoro na kukaa mlangoni kama mgeni asiyejua kuaga. Tluway akawa anakohoa tangu asubuhi mpaka anapolala, na akilala anakohoa pia. Daktari akamwambia kipupwe asikae huku juu, ateremke kwenye joto. Mimi nikasema Mto wa Mbu, kwa mdogo wangu Brigita, ambako kuna ndizi, soko na kanisa. Yeye akasema Engaresero.

Alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo iliitwa Lemayian. Zamani, Lemayian alipokuwa ndiyo kwanza anafungua kambi yake ndogo ya wageni pale kijijini, mkewe Nanyori alishikwa na uchungu na mtoto akakataa kutoka. Gari lililokuwepo lilikuwa moja tu, la Tluway, na wenye kulikodi walikuwa wanaogelea kwenye maporomoko ya mto. Tluway akawaacha wakiogelea. Akampakia Nanyori, akapanda naye ile njia ya mawe mpaka hospitali ya Wasso, na mtoto akazaliwa salama. Wazungu walikaa majini mpaka vidole vikakunjamana, wakalalamika kwa tajiri wake, na nusura Tluway apoteze kazi. Mtoto aliitwa Resiato. Sasa ni dada mkubwa, anasoma ualimu.

Kwa hiyo Lemayian aliposikia habari za kifua, alimpigia simu. Alisema, pale unapoegesha gari siku zote, jenga.

Tukajenga kijumba cha vyumba viwili pembeni mwa kambi, chini ya mgunga. Tluway aliezeka kwa bati, kwa sababu kwetu mtu mzima aliyesomesha watoto halali kwenye nyasi. Saa sita mchana bati lile ungeweza kulikaangia yai. Lemayian alilitazama, na baada ya muda vijana wake wakaja kulifunika kwa nyasi. Upepo wa jioni nao ukitoka mlimani, kwenye Oldoinyo Lengai, unakuletea majivu na mchanga, unakula ugali unasaga meno. Nililalamika juu ya bati, nikalalamika juu ya upepo, nikalalamika juu ya nzi. Lakini mume wangu hakukohoa. Kule nyumbani nilikuwa nalala nusu, sikio moja likisikiliza pumzi zake. Hapa nililala mpaka jua likanikuta kitandani, nikaamka nikiona aibu, nikamkuta yuko nje anaongea na mbuzi.

Siku ya kuondoka, kipupwe kile cha kwanza, Lemayian alikuja na mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Alikuwa na mimba tayari. Lemayian alimpa Tluway kamba mkononi, akasema, "Huyu aende kwako," kisha akageuka akaenda kuangalia mbuzi wake kana kwamba hajafanya kitu.

Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibika, ingawa wakati ule hakuna aliyejua. Sisi Wairaqw tuna desturi yetu ya kuwekeana ng'ombe. Mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizini kwake, maana ugonjwa ukiingia unafagia. Anampeleka mmoja kwa rafiki yake anayemwamini. Yule rafiki anakamua maziwa, anachukua samadi kwa ajili ya shamba, na anamtunza kuliko wake. Lakini ng'ombe si wake, na ndama si wake. Ndama akizaliwa, mwenyewe anaambiwa, na akishaacha kunyonya anarudishwa. Mtu anayekaa na ndama wa mwenzake akanyamaza, kwetu huyo hata msibani hupewa kiti cha nyuma.

Na Tluway ndiye Mwiraqw mwaminifu kuliko wote waliopata kuzaliwa, jambo ambalo si rahisi kuishi nalo. Aliwahi kumfuata mgeni mpaka uwanja wa ndege kumrudishia soksi moja. Basi akapata kibali cha kusafirisha mifugo, akakodi kenta, akampandisha mtamba wa Lemayian mpaka Karatu. Alimjengea banda lenye paa kabla ya kukarabati jiko langu.

Kiangazi tukateremka tena. Sitaki kueleza joto la Oktoba la Engaresero. Aliyewahi kulipata analijua, na ambaye hajalipata asilitafute. Jambo la kwanza Tluway alilofanya ni kutoa simu na kumwonyesha Lemayian picha. Mtamba akila. Mtamba akinywa maji. Mtamba akichomwa sindano ya ndigana, homa ile ya kupe. Lemayian alitazama zote kwa adabu, halafu akauliza kwa nini anaonyeshwa. Tluway akasema, ili ujue yuko salama. Lemayian akasema sawa, akamwita kwa neno la Kimaasai ambalo alikuwa ameanza kumwita siku ile ya mtamba: Pakiteng. Jina la Tluway alikuwa ameliacha kabisa. Tluway alidhani ndivyo wanavyowaheshimu wastaafu.

Vuli mtamba akazaa ndama jike, mwekundu kama mama yake. Tluway alipiga simu kabla hata ya kunawa mikono. Lemayian alifurahi mpaka sauti ikasikika jikoni, na tulipoteremka katikati ya mvua, tukikwama kwenye kila korongo baada ya Engaruka, alichinja mbuzi. Nanyori alianza kuniletea maziwa kila asubuhi kwenye kibuyu. Yalikuwa na harufu ya moshi. Ya kwanza niliyamwaga nyuma ya nyumba akishaondoka. Baadaye niliyanywa kwa kuogopa dhambi. Kufikia mwezi wa Machi, tulipopitia mara ya mwisho kabla masika hayajafunga njia, nilikuwa natoka nje kumngoja. Nchi yote ilikuwa kijani siku zile, hadi miguuni mwa mlima, na ziwa lilikuwa limejaa ndege mpaka ukingo ukawa wa waridi. Nikasema kumbe panavumilika.

Kipupwe cha pili tulikwenda na ndama. Alikuwa ameshaacha kunyonya, ananawiri, manyoya yanang'aa. Tluway alimwogesha kabla ya safari. Njia nzima alikuwa anageuka kumtazama nyuma ya kenta, na tulipofika alimteremsha mwenyewe, akaenda naye mpaka mlangoni kwa Lemayian, akamkabidhi kamba. Nakumbuka alivyosimama: wima, kofia mkononi, kama mtu anayeapishwa.

"Huyu ndiye aliyezaliwa kwako?" Lemayian aliuliza.

"Ndiye. Mzima kabisa. Na mama yake akizaa tena, nitakuletea na huyo."

Lemayian alimtazama ndama, akamtazama Tluway, akamtazama ndama tena. Akasema asante. Ilikuwa asante ya mtu aliyekanyagwa mguu na mtu anayemheshimu. Halafu akasema, "Karibu, Tluway."

Tulipoingia kwenye kijumba chetu mume wangu alikuwa anatabasamu. Alisema, umesikia, leo ameniita kwa jina langu, sasa ndiyo tumezoeana.

Maziwa hayakuja kesho yake. Nikadhani ng'ombe wamepungukiwa. Kesho kutwa hayakuja pia, na nilimwona Nanyori akipita na vibuyu kuelekea kwa wageni, akanisalimia kwa mbali kama anavyosalimiwa mtu wa sensa. Lemayian alikuwa mwema vilevile, ila wema wake ulikuwa ule wa hotelini. Aliuliza kama tumelala vizuri. Mtu wa namna ile akianza kukuuliza kama umelala vizuri, ujue umekuwa mteja.

Kiangazi kilipofika alitueleza kwa upole kwamba wageni wameongezeka. Mwaka ujao pale mahali petu angehitaji kuweka mahema, kwa hiyo, bila haraka yoyote, tungeangalia namna ya kuhamisha mbao na bati letu. Tluway alisema anaelewa. Hakuelewa chochote. Alikaa nje akilitazama ziwa mpaka jua likazama, na alipoingia ndani alikohoa. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akikohoa Engaresero.

Hapo nikaogopa. Nyumbani, kipupwe kilichotangulia, kabla hatujaondoka, nilimwona asubuhi moja ameshika mlango wa zizi anatafuta hewa, midomo imebadilika rangi. Hakujua kwamba nimemwona. Kwa hiyo mahali nilipopachukia, penye bati, nzi na majivu, ndipo mahali pekee ambapo mume wangu alipumua kama watu wengine, na tulikuwa tunafukuzwa kwa heshima bila kuambiwa kosa.

Vuli nilimfuata Nanyori. Alikuwa amekaa nje ya nyumba yake anashona shanga, na Mungu alisaidia, mvua ilikuwa imekatika. Sikuzunguka. Nilimwambia sisi ni watu wazima, kama tumekosea atuambie, maana mume wangu akikaa Karatu kipupwe nitamzika. Nanyori aliweka shanga chini.

"Mzee wako alitukataa," alisema.

Nikamuuliza aliwakataa vipi, wakati tulikuwa tunakuja kila msimu. Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto. Kwao mtu akikupa ng'ombe, mnakuwa ndugu wa ng'ombe huyo. Hamuitani tena kwa majina. Mnaitana Pakiteng, wewe kwake na yeye kwako, mpaka mmoja afe. Ndama ni wako, na ndama wa ndama. Hakuna anayesema nimekupa, maana kusema ni kujisifu. Na hakuna anayerudisha, isipokuwa mtu anayetaka kukwambia undugu wako haumfai. Lemayian alikuwa amempa Tluway mtamba kwa ajili yake yeye Nanyori na kwa ajili ya Resiato, na Tluway akamlea vizuri, akamwogesha, akamleta ndama wake mbele ya watu.

"Angemuuza tungeelewa," Nanyori alisema. "Watu wana shida. Lakini kumleta, tena anang'aa."

Nikamweleza na mimi desturi yetu. Nilimweleza habari za ng'ombe wa kuwekwa, maziwa, samadi, ndama wa mwenyewe, na yule wa kiti cha nyuma msibani. Nilimweleza hata habari ya soksi. Nanyori alisikiliza, na nilipofika kwenye soksi alijiziba mdomo kwa kiganja, mabega yakawa yanatikisika. Alisema Lemayian hakula vizuri kwa mwezi mzima. Nikasema wangu pia. Tukakubaliana kwamba kila mmoja atamweleza wake, basi, yaishe. Asubuhi iliyofuata kibuyu kilikuwa mlangoni. Nilikunywa chote kabla Tluway hajaamka.

Sisi wanawake wawili tulifikiri kazi imekwisha. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba mwanaume akielewa jambo atakwenda kulizungumza.

Tluway nilipomweleza, masikio yalimwiva. Akasema, "Nimemrudishia mtu undugu wake kwenye kenta." Nikamwambia aende akaseme hayo hayo. Akasema mambo kama hayo hayasemwi. Kabla ya Krismasi, tulipokuwa tumerudi Karatu, alikwenda zizini, akamtoa ng'ombe wake mweusi, yule aliyemlea tangu ndama na ambaye hata mimi sikuruhusiwa kumpigia kelele, mwenye mimba kubwa. Akampakia, tukateremka naye. Akampa Lemayian kamba mkononi, akasema, "Huyu aende kwako," akageuka akaenda kuangalia mbuzi ambao hata si wake.

Nilikuwepo, na kuna kitu nilikiona ambacho ningepaswa kukielewa. Lemayian alimpokea yule ng'ombe kwa uso wa kazi. Akauliza mara ya mwisho aliogeshwa dawa ya kupe lini, amezoea majani gani, anakamuliwa upande upi. Akamkagua kwato. Tluway alijibu yote, akarudi nyumbani Karatu anapiga mluzi. Alisema sasa anangoja tu kuitwa.

Januari ujumbe ukaingia kwenye simu kutoka kwa Lemayian. Ulisema: Ng'ombe wako amezaa. Jike. Wote wazima. Ukafuatiwa na picha ya ndama mweusi akinyonya. Februari ikaja picha ya ndama akinywa maji. Machi, ndama akichomwa sindano.

Tluway alizitazama zile picha mpaka mwanga wa simu ukazimika wenyewe. "Ng'ombe wako," alisema. "Wako." Akaniambia amejua. Lemayian anamlipizia. Anamwonyesha picha kama alivyoonyeshwa, anamwandalia ndama wa kumrudishia kama alivyorudishiwa, na ana haki. Nikamwambia nimpigie Nanyori. Nanyori alikuwa amehamia na mifugo upande wa Arash kutafuta malisho, na simu huko haishiki. Nikasema basi nampigia Lemayian mwenyewe. Hapo Tluway akanikatalia kwa sauti ambayo kwa miaka yetu yote nilikuwa sijaisikia. Alisema hatakwenda kuomba kitanda kwa mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kumvunjia heshima, na mimi nisimwombee.

Mei nilikuwa nimeshafunga mizigo. Juni niliifungua nikatoa sweta. Ukungu ulishuka, ukakaa. Tluway akaanza kukohoa, mwanzo kwa adabu, akigeukia ukutani, kisha bila adabu. Akaacha kwenda zizini. Akawa anakula akiwa amekaa kitandani, halafu akawa hali. Eva, binti yetu, alipiga simu kutoka Dodoma akasema tumpeleke baba hospitali, tukampeleka, na daktari yule yule akauliza kwa nini bado yuko huku juu. Nilimwambia ni kwa sababu ya ng'ombe. Aliandika dawa. Nilimchukia Lemayian siku hizo, niseme ukweli, nikamchukia na mume wangu, na nikachukia desturi zote mbili, yao na yetu, na nikalala tena nusu, sikio likiwa kwenye pumzi zake.

Asubuhi moja ya Julai, ukungu mtupu, nilisikia kenta ikipiga honi barabarani. Nilitoka na kanga mbili na koti juu. Nyuma ya kenta alisimama ndama mweusi, mkubwa, manyoya yanang'aa, na kando yake akashuka Lemayian, amevaa lubega na viatu vya matairi, anatetemeka mpaka hereni zinagongana. Karatu kipupwe hakuwahi kuja. Aliniambia, "Mama Eva, hii ni nchi au friji?" Nikampa koti la Tluway, lile zito, nikamkalisha jikoni karibu na moto. Sikumkaribisha zaidi ya hapo. Nilimwangalia yule ndama kwa dirisha nikaona mwisho wa kila kitu umeletwa mlangoni umeogeshwa.

Tluway alitoka chumbani ameshika ukuta. Walitazamana. Lemayian alisimama, koti limempwaya, akavua kofia ambayo sidhani kama kwao wanavaa. Ilikuwa kofia ya dereva wa kenta.

"Pakiteng," alisema, "nimekuletea ndama wako. Mzima kabisa. Na mama yake akizaa tena, nitaleta na huyo."

Tluway alikaa chini kwenye gunia la mahindi. Nilidhani anaanguka, nikasogea.

"Umeniita nani?" aliuliza.

"Pakiteng. Nikuite nani?"

"Na ndama unamrudisha kwa nini?"

Lemayian alinitazama mimi, kana kwamba nimemdanganya. "Nyie si ndivyo mnavyofanya? Nanyori aliniambia yote. Ng'ombe anawekwa, ndama ni wa mwenyewe. Nilikuwa nangoja aache kunyonya, nisije mikono mitupu. Nikasema nikija bila ndama mzee ataona mimi ni mwizi." Akapumua. "Na wewe hukuja kipupwe. Kijumba chako kinafagiliwa kila siku. Mahema nimeyapeleka upande wa mto."

Tluway alikohoa kwanza, kwa muda. Alipomaliza alisema, "Yule mweusi nilikupa."

"Kunipa?"

"Kukupa. Kama ulivyonipa wewe."

Lemayian alisogeza kuni motoni. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa ripoti, kwamba basi mmoja wao ni mjinga. Tluway akasema wawili. Lemayian akakubali kwamba ni wawili. Hakuna aliyecheka isipokuwa mimi, na mimi sikuwa nacheka hasa, nilikuwa nalia na pua imeanza kutoka, nikageukia masufuria.

Mizigo niliifunga kwa mara ya pili mwaka ule, haraka kuliko ya kwanza. Dereva wa kenta alikuwa anarudi siku hiyo hiyo, kwa hiyo Tluway alikaa mbele na blanketi mbili, mimi kati, Lemayian nyuma na ndama. Maana ndama alirudi naye. Tluway alisema ndama ni wa Lemayian, hawezi kumpokea tena mambo yakaanza upya. Lemayian alisema amekwisha kumkabidhi, na mtu hapokei alichokwisha kukabidhi. Ndama akabaki ndani ya gari kwa sababu hakuna aliyekuwa na haki ya kumshusha.

Kabla ya kuteremka bonde tulisimamishwa kwenye kizuizi cha mifugo. Ofisa mmoja kijana, mwenye adabu zake, akachukua kibali. Kilikuwa cha ng'ombe anayepanda kwenda Karatu, na sisi tulikuwa tunashuka. Akazunguka nyuma, akamtazama ndama, akarudi.

"Ndama wa nani?" aliuliza.

Tluway alinyoosha kidole nyuma. "Wa huyo mzee."

Lemayian alinyoosha kidole mbele. "Wa huyo."

Ofisa akauliza tena, sasa polepole, na wakajibu vilevile, kila mmoja kwa heshima kubwa akimsukumia mwenzake. Nilimwona kijana akibadilika uso. Kazi yake ni kukamata watu wanaodai ng'ombe wasio wao, na nadhani hakufundishwa la kufanya na wanaowakana. Akasema gari liegeshwe pembeni mpaka mambo yaeleweke. Upepo wa baridi ulikuwa unaingia mlangoni, na Tluway akaanza tena, kikohozi kile cha chini, mkono umeshika dashibodi. Mimi nilikuwa nimekaa kati ya desturi mbili tangu kipupwe cha kwanza, na sikuwa na msimu mwingine wa kungoja mambo yaeleweke.

"Ni wangu," nikasema.

Wote watatu walinitazama, na dereva wa nne.

"Umempata wapi, mama?"

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Na hao wote wawili. Andika Leonida."

Kijana alimtazama Tluway. Tluway aliangalia mbele, akatafakari, akasema ni kweli. Lemayian kutoka nyuma akasema ni kweli kabisa. Kibali kikaandikwa upya, kwa jina langu, na mti wa kizuizi ukainuliwa.

Tuliteremka. Chini ya bonde joto liliingia kwa dirisha, na vumbi lake, na baada ya Engaruka harufu ya magadi. Tluway alilala kichwa kimeegemea bega langu, mdomo wazi, na sikumsikia akikohoa njia yote mpaka ziwa likaonekana. Nyuma ndama alilia mara moja. Hakuna mwanaume aliyegeuka. Nikageuka mimi kumtazama, kwa kuwa alikuwa wangu.